Kabla Hujakata Tiketi ya Inuvik

Jamii ya Waswahili walioko Edmonton na Calgary inajua habari hii: kazi za kaskazini ya mbali ya Kanada zinatangazwa mara kwa mara, za uuguzi, ualimu, udereva wa malori, ufundi wa mitambo. Siku moja mtu anapigiwa simu kwamba amekubaliwa Inuvik. Ataruka kwanza hadi Yellowknife, na hapo atapanda ndege nyingine. Wazazi walioko Mwanza au Bukavu watauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: kutoka huo mji wa kwanza hadi huo wa pili ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi?

Jibu fupi lipo. Kwa mstari wa anga ni kilomita 1,090 hivi, na ndege ya jeti isiyotua njiani hutumia takriban saa mbili. Ni kama kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Kigali. Jibu hilo ni la kweli, lakini ukilitegemea peke yake kupanga likizo, matibabu au safari ya msiba, litakuangusha. Ndiyo maana nataka tulifungue polepole, kipande kwa kipande, ili unapokata tiketi uwe unajua unanunua nini.

Kwanza miji yenyewe. Yellowknife ni makao makuu ya Northwest Territories, mji wa watu wapatao 20,000 uliokaa juu ya miamba ukingoni mwa Ziwa Great Slave. Inuvik uko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, kwenye delta ya Mto Mackenzie, na wakazi wake hawazidi sana 3,000. Ulijengwa miaka ya 1950 kuchukua nafasi ya Aklavik, mji uliokuwa ukisumbuliwa na mafuriko. Miji yote miwili iko chini ya serikali moja, na mgonjwa wa Inuvik anayehitaji daktari bingwa mara nyingi hupelekwa Yellowknife, Hospitali ya Stanton, au huunganishwa moja kwa moja mpaka Edmonton. Kwa hiyo, ndani ya ndege hiyo usidhani umekaa na watalii. Jirani yako huenda ni mama mjamzito aliyetoka kijijini wiki kadhaa kabla ya siku zake, kwa sababu kijijini kwake hakuna mahali pa kujifungulia.

Sasa umbali. Watu wengi huupima kwa kutazama ramani ukutani, na hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Sisi wa ikweta tumezoea dunia iliyo sawa pande zote: digrii moja ya latitudo ni kilomita 111, na digrii moja ya longitudo nayo inakaribia kilomita 111. Ukiwa Kisumu au Kampala unaweza kukadiria umbali kwa rula bila kukosea sana. Ukipanda kaskazini, mistari ya longitudo inakaribiana, maana yote inakwenda kukutana kwenye ncha ya dunia. Katika latitudo 60 digrii moja ya longitudo imebaki nusu ya ile ya kwetu. Inuvik, kwenye latitudo 68.3, imebaki kilomita 41 tu. Ramani nyingi za ukutani, zile zilizochorwa kwa mtindo wa Mercator, huificha hali hiyo kwa kuivuta nchi ya kaskazini kama mpira: eneo la Inuvik limenyoshwa karibu mara 2.7 kila upande. Ndiyo sababu Kanada inaonekana kubwa kuliko Afrika nzima, ilhali Afrika inaishinda mara tatu kwa eneo.

Fanya hesabu mwenyewe. Kalamu na karatasi vinatosha. Kiwanja cha ndege cha Yellowknife kiko latitudo 62.46 kaskazini na longitudo 114.44 magharibi. Cha Inuvik kiko 68.30 na 133.48. Tofauti ya latitudo ni digrii 5.84, zidisha kwa 111 upate kilomita 648. Tofauti ya longitudo ni digrii 19.04. Usizidishe kwa 111. Chukua urefu wa digrii katikati ya safari, karibu na latitudo 65.4, ambao ni kilomita 46 hivi, upate kama kilomita 876. Sasa una pande mbili za pembetatu mraba; tafuta upande wa tatu kama tulivyofundishwa shuleni kwa kanuni ya Pythagoras, na utaangukia karibu kilomita 1,090. Aliyetumia 111 kwa pande zote mbili atapata zaidi ya 2,200, yaani mara mbili ya ukweli, na atashangaa ndege inafikaje kwa saa mbili.

Muda wa kuruka nao una hesabu yake nyepesi. Gawanya umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, kisha ongeza nusu saa ya kutembea kwenye njia za kiwanja, kupaa na kushuka. Boeing 737 huenda kama kilomita 780 kwa saa, kwa hiyo 1,090 ni saa moja na dakika 24, ukiongeza nusu saa unakaribia saa mbili kamili. Ndege ya mapangaboi aina ya ATR 42, ambayo nayo hutumika sana kaskazini, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Hapo safari ileile inakuwa saa mbili na dakika 40 au zaidi. Basi swali la kwanza kwa wakala wa tiketi liwe hili: ni ndege ya aina gani? Pepo za juu katika latitudo hizo huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, na Inuvik iko kaskazini-magharibi ya Yellowknife, hivyo usishangae kwenda kukichukua dakika kadhaa zaidi kuliko kurudi.

Swali la pili: inatua wapi? Njia hii mara nyingi hupita Norman Wells, mji mdogo wa mafuta ulio kando ya Mto Mackenzie. Wengi wakisikia kuna kituo njiani hudhani wanazungushwa. Pima uone. Yellowknife hadi Norman Wells ni kilomita 680 hivi, na Norman Wells hadi Inuvik 445 hivi. Jumla ni 1,125, yaani nyongeza ya kilomita 35 tu juu ya mstari ulionyooka. Kinachokula muda ni kule kushuka, kungoja, kupakua, kupakia na kupaa tena. Kituo kimoja kinaweza kuigeuza safari ya saa mbili kuwa ya saa tatu na ushei bila kuongeza umbali wowote wa maana. Kwa mwenye mtoto mchanga au mzee anayehitaji dawa kwa saa maalumu, huo ni muda wa kupangiwa mapema.

Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine, na ndilo watu wanalisahau: ndege hii inaruka siku zipi, na nikiikosa, inayofuata yenye nafasi ni lini? Kati ya miji mikubwa ya kusini, ukikosa ndege ya asubuhi unapanda ya mchana. Huku ndege moja ndiyo ya siku, na siku nyingine huenda haipo kabisa. Viti vyenyewe vinagombewa na wagonjwa, watumishi wa serikali, timu za shule na wafanyakazi wa zamu. Ratiba hubadilika kwa msimu, na mashirika nayo hubadilika: First Air na Canadian North, waliokuwa washindani kwa miaka mingi, waliunganishwa mwaka 2019 na kubaki na jina moja la Canadian North. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyesafiri miaka michache iliyopita usiuchukue kama ratiba. Piga simu, uliza tarehe yako hasa, na uandike jibu.

Kuna wanaosema, basi nitaendesha gari. Huyo nampa ramani ya barabara aitazame kwa makini. Hakuna barabara inayofuata ule mstari wa kilomita 1,090. Bonde la Mackenzie katikati halina barabara ya mwaka mzima. Norman Wells wenyewe hufikika kwa gari wakati wa baridi tu, juu ya barabara ya theluji na barafu. Dereva wa kutoka Yellowknife lazima ashuke kusini, akamate Barabara ya Alaska ndani ya British Columbia, apite Yukon, kisha apande tena kaskazini kwa Barabara ya Dempster. Jumla inazidi kilomita 3,000, karibu mara tatu ya njia ya anga.

Dempster peke yake ni kilomita 736 za changarawe, iliyofunguliwa mwaka 1979. Kituo cha mafuta na malazi, Eagle Plains, kiko karibu katikati, na kabla ya hapo hupati kitu. Inavuka mito miwili, Peel na Mackenzie, bila daraja hata moja. Kiangazi unapanda pantoni. Majira ya baridi unapita juu ya barafu. Lakini kuna wiki kadhaa, wakati mito inaganda mwishoni mwa mwaka na inapoyeyuka wakati wa machipuko, ambapo pantoni haiwezi kufanya kazi na barafu haijaweza kubeba gari, au haiwezi tena. Wiki hizo Inuvik inabaki na ndege tu. Bei ya mboga inapanda, na viti vya ndege vinapungua kwa wanaochelewa. Mwenye kupanga safari ya Oktoba, Novemba au Mei lazima alijue hilo hata kama hana nia ya kugusa usukani.

Barabara hiyo ina jina la polisi mmoja, Jack Dempster, na sababu yake inafaa kusimuliwa. Desemba 1910 ofisa Francis Fitzgerald aliondoka Fort McPherson kwenda Dawson na wenzake watatu kwa sledi za mbwa. Alitaka kwenda kwa kasi, akapunguza chakula ili mzigo uwe mwepesi. Walipoteza njia milimani, wakageuka kurudi, na hakuna aliyefika hai. Dempster ndiye aliyetumwa kuwatafuta, akazikuta maiti Machi 1911. Fitzgerald hakuwa mgeni wa nchi ile, aliijua. Alichokosa ni akiba ya siku za ziada.

Kaskazini, hata umbali wenyewe hubadilika kwa majira. Dettah, kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba kutoka Yellowknife, kiko kilomita 27 kwa barabara ya kuzunguka. Ziwa likiganda, barabara ya barafu inakifanya kiwe kilomita sita na kidogo. Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki, kwa miongo mingi ilifikika kwa gari kutoka Inuvik majira ya baridi tu, juu ya barafu ya mto na bahari. Barabara ya mwaka mzima ilifunguliwa Novemba 2017. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni karibu tu", muulize mwezi gani.

Na usifikiri Yellowknife yenyewe ina milango mingi. Tarehe 16 Agosti 2023 wakazi wake karibu wote waliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa msitu. Njia zilikuwa mbili: barabara moja ya kwenda kusini, na ndege. Watu walipanga foleni ndefu kungoja viti, wengine wakaendesha usiku kucha kando ya moshi. Ruhusa ya kurudi ilitoka tarehe 6 Septemba. Kiangazi cha nchi ile ni kizuri mno, lakini ni msimu wa moto, na moshi peke yake unaweza kufunga kiwanja. Ukisafiri Julai au Agosti fuatilia taarifa za serikali ya eneo kila siku.

Kuhusu mizigo, nina mfano ambao kila Mwislamu wa Kanada angefaa kuujua. Waislamu wa Inuvik, wengi wao wakiwa wametoka Sudan na nchi nyingine za Kiarabu, walitaka msikiti. Vifaa vya ujenzi na gharama za mafundi mjini kwao vilikuwa ghali kiasi kwamba ilikuwa nafuu kuujenga msikiti mzima Winnipeg na kuusafirisha. Mwaka 2010 ulipakiwa juu ya lori, ukavuka majimbo mpaka Hay River, hapo ukapandishwa tishari na kuteremshwa Mto Mackenzie hadi Inuvik. Safari ilikuwa kama kilomita 4,000. Ulifika Septemba, msimu wa matishari ukikaribia kufungwa, na Novemba ukafunguliwa. Wangechelewa kidogo, mto ungeganda nao wangengoja mwaka mwingine.

Mto huo sasa nao hautegemeki kama zamani. Mwaka 2024 maji yalipungua mno hata matishari ya mizigo yakashindwa kufika Norman Wells, na bidhaa ikabidi zitafutiwe njia ya anga. Ndiyo hali inayoifanya nauli ya kaskazini iwe kubwa kuliko ya safari ya urefu uleule kusini: abiria wachache, mafuta ya ndege yanayoletwa kwa gharama, na ndege inayobeba maziwa, dawa na vipuri pamoja na wewe. Sanduku lako linaweza kuachwa lije na ndege nyingine endapo uzito umezidi. Kila kitu ambacho huwezi kuishi bila yake kwa siku mbili, dawa, miwani, maziwa ya mtoto, hati za kazi, chaja, nguo ya ndani nzito, kiwe kwenye begi la mkononi.

Sasa saa, na hapa Waswahili tunahitaji uangalifu wa pekee. Yellowknife na Inuvik wanatumia saa ileile, hivyo hakuna cha kubadilisha ukitoka huku kwenda kule. Lakini jirani yao Yukon aliacha kubadilisha saa tangu mwaka 2020. Majira ya baridi Whitehorse na Inuvik wana saa ileile. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba Inuvik iko mbele kwa saa moja. Anayeunganisha ndege ya Air North kutoka Whitehorse au Dawson kwenda Inuvik kiangazi asipokumbuka hilo atampangia mwenyeji wake muda usio sahihi. Nyumbani nako, Dar, Nairobi na Kampala wako mbele ya Inuvik kwa saa 10 majira ya baridi na saa 9 kiangazi. Lubumbashi, Goma, Kigali na Bujumbura punguza moja.

Ukiwapa ndugu habari za kufika, soma namba kama zilivyo kwenye tiketi, mfano kumi na nne na nusu, ndipo uongeze saa nane na nusu mchana. Vijana waliokulia Kanada husema "saa nane" wakimaanisha saa mbili asubuhi, na mpokeaji anakwenda kiwanjani wakati abiria ameshaondoka.

Usitegemee jua likusahihishe. Inuvik halizami kabisa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi sehemu ya pili ya Julai, na halichomozi kwa takriban mwezi mzima kutoka mwanzoni mwa Desemba. Isitoshe, kwa kuwa mji uko magharibi sana ndani ya kanda yake ya saa, jua la kiangazi linafika kilele chake karibu saa tisa alasiri, huku Yellowknife likiwa limefika zaidi ya saa moja kabla. Waislamu wa Inuvik wamekuwa wakifuata ratiba ya Edmonton kwa kufunga na kufuturu Ramadhani. Mgeni anayefunga auulize uongozi wa msikiti kabla hajaondoka kusini, kuliko kufika akitafuta magharibi isiyokuja.

Hali ya hewa inayoahirisha ndege si lazima iwe ile unayoiogopa. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri ndege za huku zimeizoea. Kinachosumbua zaidi ni wingu zito na ukungu, hasa vuli kabla maji hayajaganda, na ule ukungu wa vipande vya barafu unaotokea mjini siku za baridi kali kutokana na moshi wa magari na mabomba ya nyumba. Rubani akikuta Inuvik pamefunga anaweza kurudi Norman Wells, au Yellowknife ulikotoka. Kwa hiyo vaa tangu mwanzo nguo za kukutosha kusimama nje mahali ambapo hukupanga kushuka: koti zito, buti, glavu, kofia ya kufunika masikio, hata kama ndani ya jengo la kiwanja unatoka jasho.

Sheria za Kanada za kulinda abiria hazitakulipa fidia ndege ikizuiwa na hali ya hewa, na shirika halilazimiki kukulipia hoteli. Linalazimika kukutafutia nafasi nyingine, na likishindwa ndani ya saa 48 unaweza kudai nauli yako. Weka pembeni pesa ya malazi ya usiku mmoja au miwili Yellowknife. Si mji wa vyumba vya bei nafuu, na majira ya watalii wa taa za kaskazini vyumba huisha. Kama unamjua mtu pale, mpigie kabla, umwambie wazi kwamba unaweza kukwama.

Tiketi ya kurudi nyumbani Afrika ndiyo ya mwisho kuipanga na ya kwanza kuharibika. Ukiweza, nunua safari yote, kutoka Inuvik hadi mwisho, katika tiketi moja, ili ucheleweshaji wa kaskazini uwe mzigo wa shirika. Ikishindikana, usiiweke ndege ya Ulaya siku ileile unayotoka Inuvik. Lala Edmonton usiku mmoja kiangazi na katikati ya majira ya baridi; Oktoba, Novemba na Mei, lala siku mbili.